Verlie Hocking, Msoma Vifo wa Redio Boolabine

Redio Boolabine ilianzishwa na muuza majeneza, na atakayekwambia ilianzishwa kwa kuupenda mji wetu anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Bwana Gilmour Treadgold alikuwa seremala. Mwaka 1937 duka lake la barabara kuu lilikuwa na vitanda upande wa kushoto, redio upande wa kulia, na majeneza kule nyuma penye kivuli. Vitanda vilitoka, majeneza yalitoka, redio zikabaki zinakula vumbi, kwa sababu ukiwasha moja ulisikia mkwaruzo tu kama vitunguu vinavyokaangwa. Basi akasimamisha mnara nyuma ya banda la mbao, akamwajiri binamu wa mkewe apige santuri, na ndani ya mwaka mmoja kila nyumba ilikuwa na redio kutoka kwake. Kufa kufaana: kila asubuhi saa tatu kasorobo alitangaza waliofariki, maana ndiye aliyewazika na alitaka ijulikane.

Verlie aliyajua hayo tangu siku yake ya kwanza kazini na hakuwahi kuyapamba. "Redio ya biashara ni duka," alikuwa akisema. "Tofauti yake na maduka mengine ni kwamba mlango wake uko jikoni kwako." Alikuwa binti wa wakulima wa ngano, mrefu, mwenye miguu mikubwa, na aliingia mwaka 1971 akiwa na miaka kumi na tisa kupiga chapa matangazo ya mbolea na matairi. Mtangazaji mmoja alipougua koo, wakamsukuma mbele ya kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, isiyo na haraka, na watu walioisikia walidhani anawaongelesha wao peke yao.

Wakampa kwanza salamu za kuzaliwa. Wazazi walikuwa wakiandika barua kituoni kueleza zawadi ya mtoto imefichwa wapi, na Verlie, ambaye hewani aliitwa Shangazi, alimwambia mtoto akaitafute. "Heri ya kuzaliwa, Jeffrey Schier, umetimiza miaka saba leo. Hebu kaangalie ndani ya mashine ya kufulia." Huko mashambani Jeffrey anatoka mbio na nguo za kulalia. Ndiyo maana leo mtu mwenye kitambi na wajukuu wawili, akimkuta Verlie posta, anamwita Shangazi bila aibu.

Vifo alipewa kwa sababu ya sandwichi. Mwaka 1974 mtangazaji mgeni kutoka mjini alisoma tangazo la mazishi ya Reginald Arthur Mibus kama lilivyoandikwa kwenye karatasi. Sasa, huyo Reginald hakuna aliyemjua. Tangu utoto wake wilaya nzima ilimwita Snowy, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa ameshasahau jina la cheti. Walikuja watu wanne. Kesho yake mjane aliingia kituoni na sinia tatu za sandwichi za nyama na yai, zilizokauka pembeni, akazipanga moja moja juu ya meza ya mapokezi.

"Niliandaa vya watu mia," alisema. "Haya, kuleni nyinyi. Nyinyi ndio mliowala wageni wangu."

Meneja alicheka kidogo, ile kheheee ya mtu asiyejua aweke wapi uso. Verlie alichukua sandwichi moja kwa heshima ya yule mama, tonge likamkwama kooni, akalimeza hivyo hivyo huku machozi yakimtoka. Kichefuchefu alichokipata siku ile, alisema baadaye, hakikuwa cha yai. Kilikuwa cha ile kheheee. Toka hapo akaomba vifo awe anavisoma yeye, na akajiwekea sheria: hasomi jina la mtu kabla hajapiga simu kwao. Aliuliza, "Mlikuwa mkimwitaje nyumbani?" Aliuliza kama kina mama waje na sahani za chakula au wasije nazo, na kama lango la shamba litafungwa kwa sababu ya mavuno, wageni wajue pa kupita. Mara nyingi mtu wa upande wa pili alilia, naye alingoja. Mji ukazoea kwamba Verlie ndiye wa kwanza kujua nani amekufa, kiasi kwamba hakuna aliyehangaika kumpigia yeye simu ya msiba. Kumpelekea Verlie habari ya kifo ilikuwa kama kumpelekea mwokaji mkate.

Mmiliki wa pili, mjukuu wa Treadgold, alikuwa na meno mengi na akili chache. Mwaka 1983 aliuza nafasi ya tangazo linalofuata vifo kwa duka la kuku. Verlie akasoma msiba wa mama mmoja aliyekufa kwa uzazi, akanyamaza, na hapo hapo jogoo akawika, kokoriko mara tatu, na sauti ya furaha ikasema mapaja ni bei ya chini wiki nzima. Aliyeuokoa mji na aibu ile ni Athol Liebelt, fundi mitambo, mtu wa maneno kumi kwa siku. Kupitia kioo alimwona Verlie ameshika kinywa kwa mikono miwili. Akachomoa waya. Redio Boolabine ikafa kimya dakika nzima, na mmiliki akaja anapiga kelele kwenye korido.

"Nani kaharibu mtambo wangu?"

"Mimi," alisema Athol.

"Kwa nini?"

"Umenuka."

Akafukuzwa kazi kwa siku tatu, hadi mtambo ulipoharibika kwelikweli na akabembelezwa arudi. Alirudi kwa sharti kwamba baada ya vifo kuwe na dakika ya muziki wa piano kabla ya biashara yoyote. Watu walisema yeye na Verlie wana jambo. Hawakuwa na jambo. Verlie alikuwa na mumewe, Ken, mpaka alipomzika, na Athol alikuwa na njiwa zake. Lakini miaka arobaini walitazamana kupitia kioo kile kila asubuhi, na wako wanandoa ambao hawajatazamana nusu ya hapo.

Mwaka 2009 kituo kikanunuliwa na Kampuni. Silitaji jina lake, maana nikilitamka huwa natamani kusukutua. Ilikuwa na vituo hamsini na kitu katika nchi nzima, na vyote viliitwa "sauti ya nyumbani". Kwanza waliondoa habari, halafu santuri, halafu watu. Nyimbo zikawa zinatoka mji wa pwani umbali wa saa tisa kwa gari, na vijana wenye sauti za peremende wakawa wanatuambia "hapa kwetu Boolabine" huku hawawezi kutuonyesha kwenye ramani. Chumba cha kutangazia kikanuka zulia bichi na mavi ya panya. Athol aliondoka na mtambo wa mwisho aliojua kuutengeneza. Mwaka 2019 miguu ikamshinda, akahamia nyumba ya wazee nyuma ya hospitali, na kila Alhamisi Verlie alimpelekea kipande cha keki ya kastadi kutoka kwa mwokaji, wakala, wakawasema watu.

Verlie alibaki peke yake kituoni: hali ya hewa, bei za kondoo, vifo. Kampuni ilimwacha kwa sababu sheria ya leseni ilitaka kituo kitoe kitu cha mji wenyewe kila siku, na yeye ndiye aliyekuwa kitu hicho.

Mwaka 2021, alipotimiza miaka hamsini ya kazi, wakamjia na keki. Aliyetumwa ni mwanamke wa makamo aitwaye Tamsin Oakes, msimamizi wa vipindi, mwenye viatu vyeupe ambavyo havikuwahi kukanyaga udongo.

"Verlie, mama yangu, wewe ni hazina," alisema. "Tunataka sauti yako isipotee. Tutakurekodi majina yote ya wilaya hii. Kwa salamu za kuzaliwa! Tunazirudisha."

Na hapa lazima niseme kweli, kwa sababu Verlie mwenyewe aliisema. Alipenda. Alivikwa kilemba cha ukoka akakisimamisha vizuri kichwani. Hakuna aliyekuwa amemwita hazina tangu Ken afe. Alitia saini karatasi bila kuvaa miwani, akakaa siku mbili ndani ya chumba kinachonuka panya, akasoma majina. Ya kwanza, halafu ya ukoo. Makanisa. Makaburi. Siku za wiki. Alipomaliza, Tamsin akamwambia asome tena yote.

"Mara hii chini kidogo, mama. Kwa upole. Bila tabasamu."

"Salamu ya kuzaliwa bila tabasamu?"

"Ni kwa ajili ya mashine tu. Inahitaji aina mbili."

Verlie alimtazama. Alikuwa na miaka sitini na tisa na si mjinga. Mtu hahitaji sauti ya namna ile kumwambia mtoto akaangalie kwenye mashine ya kufulia. Alijua. Lakini keki ilikuwa imeshakatwa, yule mwanamke alikuwa na ndege ya kuwahi, na Verlie alikuwa mtu aliyelelewa asiwapotezee wageni muda. Akasoma. Alifika kwenye jina la Beryl Nuske, aliyekuwa amempita asubuhi ile akipalilia waridi zake, akalitamka kwa sauti ya msiba. Akaendelea na linalofuata.

Mwezi uliofuata wakamstaafisha. Hawakutangaza. Mbona watangaze, na sauti bado ilikuwepo? Asubuhi ya kwanza ya mapumziko yake, Verlie alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, redio ikasema kwa sauti yake kwamba Colin Heinrich amefariki, ibada ni Ijumaa, kanisa la Kilutheri. Jina, nukta, ukoo, nukta. Hakuna sahani, hakuna lango, hakuna aliyepiga simu kwao. Na huyo Colin sisi tulimwita Dusty. Dakika ya piano haikuwepo. Vilifuata viti vya kulalia, punguzo la nusu bei. Verlie aliutupa ule mkate kwenye ndoo. Alijiona kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani zimeanikwa sokoni.

Akampigia Tamsin.

"Mlisema salamu za kuzaliwa."

"Tulifanya utafiti, mama. Watu wa huko wanapendelea vifo."

"Toeni sauti yangu humo."

"Ulisaini, mpenzi. Sauti ni ya Kampuni kwa miaka ishirini. Na hebu fikiria, utaendelea kuwahudumia hata ukiwa umelala! Si jambo zuri?"

Verlie alikata simu akaenda kunawa mikono. Alijaribu kuuambia mji. Aliwaambia posta, aliwaambia klabu ya mpira, alisimama baada ya ibada kanisani akasema yule si yeye, ni mashine, yeye hajampigia mtu simu wala hajui nani amekufa. Watu walimsikiliza kwa adabu. "Ah, Shangazi, unapenda kujishusha," walisema. "Sauti ni yako bwana, nani asiyeijua?" Wengine walikonyeza jicho wakidhani ni mzaha wake. Wengine, na hawa ndio walionitia hasira zaidi, walielewa vizuri kabisa na hawakujali. Kwao ilimradi saa tatu kasorobo jiko lina sauti ya Verlie, dunia iko sawa. Mji wetu una tabia hiyo: ukipewa maji ya mfereji ndani ya chupa ya divai unasifu zabibu.

Basi akaizima. Aliifunika redio ya jikoni kwa taulo, ya gari akaing'oa kitufe chake cha kuwashia, na akaishi bila kuisikia. Alifua, alipalilia, alisoma vitabu vya maktaba. Alhamisi alikwenda kwa Athol.

"Umewasikia leo?" Verlie alimwuliza Athol siku moja, maana pembeni ya kitanda chake kulikuwa na redio ndogo aliyoijenga mwenyewe.

"Nakusikia kila siku."

"Si mimi, Athol. Wewe fundi, usiniambie na wewe."

"Najua si wewe," alisema Athol, akatafuna polepole. "Mashine hiyo haipumui. Wewe ulikuwa unapumua kabla ya jina." Halafu akasema, "Lakini nikifumba macho sijali."

Alimsamehe, kwa kuwa alikuwa na miaka themanini na minne na hakuwa na njiwa tena.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane, asubuhi yenye jalidi, Verlie aliingia kwa mwokaji kununua kile kipande cha kastadi. Nyuma ya kaunta alikuwepo Lorna, na juu ya kichwa cha Lorna, kwenye rafu ya unga, redio ilikuwa imewashwa. Verlie aligeuza uso akaanza kutafuta pesa mkobani ili alipe atoke upesi. Hapo sauti yake ikasema kutoka rafuni kwamba Athol. Gotthilf. Liebelt. Amefariki. Jumanne. Ibada itatangazwa na familia. Naye alikuwa amesimama pale, kinywa amekifunga, mkono ndani ya mkoba. Halafu zikaja dawa za minyoo ya kondoo.

"Pole sana, Shangazi," Lorna alisema. "Mlikuwa marafiki. Na umemsoma vizuri, hukutetereka hata."

"Lorna. Mimi nimesimama hapa mbele yako."

"Ndiyo, si mnarekodi mapema siku hizi?"

Verlie alimwangalia yule mwanamke aliyemjua tangu akiwa na meno mawili. Kilichompanda hakikuwa machozi. Kilikuwa kinyaa kizito. Aliwakinai Lorna, Kampuni, mji mzima, na zaidi ya wote alilikinai koo lake mwenyewe. Aliacha kastadi juu ya kaunta akatembea mpaka nyumba ya wazee kwa miguu, bila kofia, na kila jiko alilolipita lilikuwa na dirisha linalotoa mvuke.

Muuguzi wa zamu alikuwa Jincy, Mhindi kutoka Kerala, miaka mitatu hapa kwetu, mpole kuliko tunavyostahili. Alimkumbatia Verlie mlangoni. Kitanda cha Athol kilikuwa kimeshatandikwa, kimenyooshwa mpaka kinatia uchungu, na ile redio yake ndogo ilikuwa imewekwa ndani ya sanduku pamoja na slipa.

"Ilikuwa homa ya mapafu," Jincy alisema. "Ilimshika Jumamosi. Siku nne. Hakupata maumivu makubwa, Shangazi, nakuapia."

"Siku nne. Na hakuna aliyenipigia?"

Jincy akaona haya. Alishika ukingo wa aproni yake akaukunja.

"Mpwa wake alituma habari moja kwa moja kwenye Kampuni, kwa kompyuta. Na sisi... tulidhani unajua. Wewe ndiye unayesoma."

"Mimi sisomi, Jincy. Nimeacha mwaka sasa. Niliwaambia."

"Mimi nilitaka kukupigia," Jincy alisema haraka. "Jumapili. Jumatatu pia. Alikuwa anakuulizia. Homa ilimchanganya kidogo, alikuwa akiuliza, 'Verlie yuko wapi?' Nikashika simu, Shangazi, mkononi hivi. Lakini saa tatu kasorobo redio ikaanza, akakusikia. Akanishika mkono akanikataza. Alikuwa mkali! Akasema, 'Weka simu chini, yuko hewani. Mtu akiwa hewani haguswi. Mwache amalize, atakuja.' Kila asubuhi alisema hivyo hivyo. Akatulia kabisa, akawa anatazama mlango."

Verlie alikaa kwenye kiti cha wageni. Jincy, ambaye alikuwa na wazee kumi na wanane wa kuwapa chai, hakuondoka.

"Sikuwa hewani," Verlie alisema. "Siku zote hizo nne nilikuwa nyumbani, nyumba ya tatu kutoka hapa, nafua mapazia."